Subira Haimo Kwenye Ramani

Simulizi hii ni ya Namkunda Mrindoko, mpiga chapa mstaafu wa mahakama, mwanamke wa Upare, mfupi, mwenye miwani mizito na vidole ambavyo kwa miaka thelathini na miwili havikuwahi kukosea jina la shahidi. Mdogo wake wa kufuatana, Nakiete, alikuwa ameolewa mbali, katika nchi ya Nukta, kwenye kijiji kiitwacho Subira. Namkunda alimwandikia barua saba. Zote saba zilirudi, kila moja imepigwa muhuri mwekundu: NENO LA KAWAIDA. SI MAHALI.

Barua ya nane ilitoka upande wa pili. Mchuuzi wa chumvi aliileta mkononi, na mwandiko wa Nakiete ulikuwa umepinda kama wa mtu anayeandika amelala. "Dada, kisima kimeharibika. Watu wanaharisha na kutapika. Tumeomba dawa mara nne. Shemeji yako tumemzika Jumanne."

Namkunda alifunga nyumba, akamwachia jirani ufunguo, akaondoka na mchuuzi yule. Ya njiani tuyaache. Alifika.

Mpakani alimkuta ofisa mnene mwenye sauti ya upole.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Subira."

"Subira ninayo, mama. Nauliza unakwenda wapi."

"Subira ni kijiji. Mdogo wangu ameolewa huko."

Ofisa aliandika neno hilo kwenye kompyuta yake, kisha akageuza skrini ili mgeni ajionee mwenyewe. Palikuwa pameandikwa: *Subira: hali ya moyo.*

"Unaona? Siwezi kukupa kibali cha kwenda kwenye hali ya moyo," alisema, na ilionekana kweli anasikitika. "Nikuandikie Kitovu? Ndiyo makao makuu. Wageni wengi wanapapenda."

Namkunda alichukua kibali cha Kitovu, akashukuru, akatoka nje. Kisha akamfuata mchuuzi wa chumvi hadi Subira.

Njiani mchuuzi yule alimweleza mambo ya nchi ile, naye hakuyaamini mpaka alipoyaona. Nukta ina sheria nyingi, lakini zote zimetokana na moja: mahali ni pale penye nukta. Huko Kitovu kuna mtambo unaoitwa Msomaji. Kila barua inayoandikwa nchini, kila hukumu, kila gazeti, hata kadi ya harusi, lazima iingizwe humo. Msomaji husoma, huchambua maneno, na kila linapopita neno linalofanana na jina la mahali, hulichomoa na kulitafutia pa kukaa kwenye Ramani Kuu. Hapo huwekwa nukta. Penye nukta hupelekwa maji, dawa, mwalimu na barabara. Pasipo na nukta hapapelekwi kitu, kwa kuwa huwezi kupeleka kitu mahali ambapo si mahali.

Walipita nyumbani kwa mzee mmoja aitwaye Bonde. Mzee huyu alipenda kesi kuliko chakula. Alikuwa amewashtaki majirani, wakwe, na hata padri, na jina lake limo katika hati zaidi ya elfu mbili: *Bonde amesema, Bonde amekataa, waende Bonde wakakague.* Msomaji alimhesabu kuwa ni bonde. Uani kwake palikuwa na zahanati ya vyumba sita, wauguzi wawili waliokuwa wanafuma vitambaa, kituo cha polisi, na bwawa la kuzuia mafuriko. Mzee mwenyewe alikuwa amekaa kibarazani, anakohoa. Muuguzi mmoja aliinuka, akampa dawa ya kikohozi, akarudi kufuma.

"Anaugua nini?" Namkunda aliuliza.

"Vumbi," mchuuzi alijibu. "Wanamjengea uwanja wa ndege."

Subira ilikuwa na watu wapatao mia nne, nyumba za udongo mwekundu, na kisima kimoja kilichofunikwa kwa matawi ya miiba ili mtu asichote kwa kusahau. Mwenyekiti wa kijiji, Bi Chausiku, mama mrefu aliyekuwa hajalala siku kadhaa, alimpokea mgeni bila maneno mengi na kumpeleka moja kwa moja kwa Nakiete.

Nakiete alikuwa kwenye mkeka, macho yameingia ndani, midomo imekauka.

"Dada," alisema. "Umepata wapi njia?"

"Nimekuja kwa miguu. Umekunywa nini leo?"

"Sitaki. Yanarudi."

"Yakirudi, tutakupa mengine." Namkunda alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alichemsha maji, akatia sukari na chumvi kidogo, akamnywesha kijiko kwa kijiko mpaka jua likageuka. Kufikia siku hiyo kijiji kilikuwa kimeshazika watu tisa.

Jioni Bi Chausiku alimwonyesha majibu ya serikali. Yalikuwa manne, kwenye karatasi nzuri nzito. La kwanza lilisema: *Serikali imepokea kwa furaha habari za watu wenye subira, na inawapongeza.* La pili na la tatu yalikuwa hivyo hivyo.

"Na hili la nne?"

Bi Chausiku alicheka, kicheko kisicho na furaha. "Hilo ni kosa letu. Kuna mtu alitushauri tubadili jina kidogo, tuweke *ni* mwishoni, kama Mtoni, kama Bondeni, ili mtambo utambue kwamba ni mahali. Tukaandika: 'Dawa ziletwe Subirani.' Msomaji akaona tumekosea tahajia, akatusahihishia. Ikasomeka *Subirini*. Ofisi ikapokea amri ya kusubiri, ikatii. Miezi saba sasa wanasubiri."

"Kwa nini msitafute jina jingine kabisa?"

"Tulilijadili. Subira alikuwa mwanamke aliyefika hapa wa kwanza, na kaburi lake liko pale. Tukakubaliana kwamba tukifa, tufe tukiwa watu wa mahali."

Namkunda alirudi kwa Nakiete. Asubuhi alimwonyesha binti wa jirani jinsi ya kuchanganya sukari na chumvi, akamshika Nakiete mkono, akamwambia, "Nakwenda kuleta dawa. Usithubutu kufa." Kisha akaenda Kitovu, mwendo wa siku mbili.

Ofisi ya Ramani Kuu ilikuwa na ukumbi mkubwa kuliko makanisa yote aliyowahi kuingia. Watu walijaa kwenye mabenchi, wengine wamekuja na mikeka na majiko. Makarani walipita katikati yao wakisema bila kupumzika, "Subira, ndugu zangu. Subira, mama. Tunaomba subira." Maneno hayo hayo yalikuwa yameandikwa ukutani, na kwenye kila fomu, juu na chini.

Alikaa karibu na mwanamume mkavu aliyejitambulisha kuwa ni Selegani wa Mtoni.

"Mtoni ipi?" Namkunda aliuliza, maana mchuuzi alimwambia ziko kumi na mbili.

Selegani alimtazama kama mtu aliyetajiwa jina la marehemu mama yake. "Una muda gani nchini, dada, mpaka unajua kuuliza hivyo? Mimi natoka Mtoni ndogo. Msomaji akikutana na neno Mtoni, huchagua ile yenye watu wengi. Mbegu zetu hupelekwa huko, mwalimu wetu hupelekwa huko. Wana walimu thelathini na wanne. Mimi niko kwenye foleni hii mwaka wa sita, na sasa nimekaribia. Mbele yangu wamebaki mia moja na kumi."

Namkunda hakuwa na miaka sita. Alitembea hadi mwisho wa ukumbi, akasukuma mlango ulioandikwa USIINGIE, akaingia. Ndani alimkuta karani mmoja, mwanamke wa makamo aitwaye Rehani, akiulisha mtambo karatasi moja baada ya nyingine. Rehani alishtuka, lakini hakuita askari.

"Nani ana uwezo wa kuweka nukta?" Namkunda aliuliza.

"Msomaji."

"Nani anaweza kumsahihisha?"

"Hati ya marekebisho."

"Anaisoma nani?"

Rehani aliingiza karatasi nyingine. "Msomaji."

Namkunda alivuta kiti akaketi. Alimweleza habari zote, polepole, kama alivyozoea kusoma ushahidi mahakamani: kisima, watu tisa, mkeka, majibu manne. Rehani alisikiliza huku mikono yake ikiendelea kulisha karatasi, mpaka ikasimama yenyewe.

"Mama, usimchukie huyu," alisema akigusa mtambo. "Kabla hajaja, barua zilikuwa zinaoza kwenye magunia. Mtu mmoja asingeweza kuzisoma hata angeishi mara kumi. Msomaji alizisoma zote kwa wiki mbili, akatuonyesha vijiji arobaini ambavyo watu wote wa ofisi hii walikuwa wamevisahau. Nililia siku ile. Ila tangu hapo hakuna aliyetoka tena kwenda kutazama. Mimi mwenyewe nina miaka kumi na moja hapa, na sijawahi kufika penye nukta hata moja."

"Sasa nifanye nini?"

"Kesho Baraza linakaa. Nitaingiza jina lako."

Baraza la Nukta lilikuwa linajadili hoja nzito: je, mahali pasipo na nukta panaweza kuwa na wagonjwa? Upande mmoja ulisema haiwezekani, kwa sababu mgonjwa huugua mahali fulani. Upande wa pili, wenye huruma zaidi, ulisema wagonjwa wanaweza kuwapo, lakini wahesabiwe kuwa wako safarini. Walibishana tangu asubuhi. Hatimaye Mkurugenzi wa Ramani, Bwana Tungaraza, mtu nadhifu na mwenye adabu, alimpa Namkunda nafasi.

"Bwana Mkurugenzi, nimetoka Subira juzi. Nimekanyaga ardhi yake. Bado iko kwenye viatu vyangu."

"Sina sababu ya kukuita mwongo, mama yangu. Lakini elewa jambo moja. Katika kila majina mia, Msomaji hupatia tisini na manne. Hakuna binadamu aliyewahi kufikia hapo."

"Na yale sita?"

"Sita ni machache."

"Wanaoishi humo wanaitwa nani?"

Mkurugenzi alitabasamu kwa uvumilivu. "Tungejua wanaitwa nani, wangekuwa kwenye ramani."

Wajumbe waligonga meza kumpongeza. Namkunda alisimama pale akiwatazama mmoja mmoja. Mahakamani alizoea kuandika maneno ya wengine bila kutia lake. Sasa alisema, "Waheshimiwa, andikeni kwenye kumbukumbu kwamba leo mwanamke amesimama hapa, akawaambia watu wanakufa Subira, nanyi mkagonga meza." Kisha akamgeukia katibu. "Umeandika? Nisomee." Katibu alimsomea kwa sauti ndogo. Hakuna aliyegonga meza tena. Lakini nukta haikuwekwa.

Alirudi ukumbini. Pembeni palikuwa na kompyuta kumi za umma, kwa ajili ya kuandikia maombi. Alikaa kwenye moja, akanyoosha vidole, akaanza. Hakuandika "Subira" peke yake. Aliandika: *kijiji cha Subira, mashariki ya Daraja la Kanju, mwendo wa nusu siku, watu mia nne, wanaotoka Subira kwenda Kanju hupita kilima cha mawe.* Aliandika taarifa ya msiba wa shemeji yake, aliyefia Subira. Aliandika wosia wa mtu aliyezaliwa Subira. Aliandika habari za harusi, za ng'ombe aliyepotea, za mashindano ya ngoma, zote ndani ya Subira, na kila jambo alilitoa kwenye yale aliyosimuliwa na Bi Chausiku, maana hakuwa mtu wa kubuni. Watu wa foleni walimzunguka kutazama kasi ya vidole vile. Selegani alimletea chai. Rehani, ndani, alizichukua hati hizo na kuziingiza kabla ya nyingine zote.

Siku ya kwanza, hati themanini. Siku ya pili vifundo vya mikono vilivimba, akavifunga kitambaa, akaandika sabini. Siku ya tatu akaandika tisini. Siku ya nne, karibu saa sita mchana, kengele ililia ukumbi mzima, na Rehani akatoka mbio, kanga imemdondoka begani.

"Imewekwa! Subira imewekwa!"

Watu walikimbilia Ramani Kuu iliyofunika ukuta wa mashariki. Namkunda alitafuta kuanzia Daraja la Kanju, akapandisha, akashusha. Hapakuwa na kitu. Ndipo Selegani alipomgusa bega na kuonyesha kwa kidole, chini kabisa, katikati ya mji wa Kitovu. Nukta mpya nyekundu ilikuwa inawaka hapo. Ilikuwa juu ya ukumbi huo huo waliosimama.

Rehani ndiye aliyeelewa kwanza, akawaeleza. Msomaji alikuwa amekubali kwamba Subira ni mahali. Kisha akatafuta kwenye hati zote za nchi ni wapi inapotajwa zaidi, akapata fomu za ukumbi huu, mamilioni, kila moja ikisema *subira* juu na chini.

Alasiri ile ile yalifika malori mawili. Wapagazi walianza kushusha: masanduku ya dripu, pakiti za dawa ya kuharisha, vidonge vya kusafishia maji, pampu ya kisima, ubao wa shule. Walivipanga vyote katikati ya mabenchi. Mkurugenzi Tungaraza alishuka mwenyewe, akampa Namkunda mkono.

"Hongera, mama. Suala lako limekwisha. Subira imehudumiwa."

Namkunda aliketi juu ya sanduku moja. Alimfikiria Nakiete, kijiko kwa kijiko, na binti wa jirani ambaye labda alikuwa amechoka au naye ameugua. Kisha akainua kichwa.

"Bwana Mkurugenzi, dawa hizi ni za nani?"

"Za wakazi wa Subira."

"Na wakazi wa Subira ni akina nani?"

Mkurugenzi alitazama ramani, akatazama ukumbi. Alikuwa mtu wa sheria, na hakuweza kudanganya. "Ni... ninyi. Mliomo humu."

"Basi nipe kitabu nitie sahihi. Mimi mkazi nimepokea. Kuna kifungu kinachomkataza mkazi kuubeba mzigo wake akatembea nao?"

Mkurugenzi alifikiri sana. "Hakipo," alisema.

Alitia sahihi. Lakini masanduku yalikuwa hamsini na mawili, naye alikuwa mmoja. Dereva wa lori la kwanza alikuna kichwa, akasema gari lake huzima lenyewe likivuka nukta ya mwisho. Angeweza kuwafikisha Daraja la Kanju tu. Baada ya hapo ni vichwani.

Namkunda aliwageukia watu wa foleni. "Ndugu zangu, nahitaji watu hamsini."

Watu walitazama mikeka yao.

"Dada," Selegani alisema, na ilimwia vigumu kusema, "tukitoka humu tunapoteza nafasi. Mimi nimebakiza mia moja na kumi."

"Najua."

"Miaka sita."

"Najua, Selegani. Sitakudanganya kwamba utarudishiwa."

Mtu yule alisimama akikunja na kukunjua mikono. Aliangalia dirisha la karani, mbali kule mbele. Kisha akainama, akakunja mkeka wake, akauweka kwapani, akanyanyua sanduku la dripu. "Mtoni hakuna atakayenilaumu," alisema. "Twendeni." Mama mmoja akabeba pakiti za dawa. Akafuata mwingine. Walipofika mlangoni walikuwa sitini na watatu, na aliyefunga msafara alikuwa Rehani, amebeba pampu ya kisima kichwani na funguo za ofisi ameziacha mezani.

Kutoka Daraja la Kanju walitembea nusu siku, wakapanda kilima cha mawe wakisaidiana. Bi Chausiku aliwaona kwa mbali, akadhani ni watu wanaokimbia vita. Alipotambua walichobeba alikaa chini mavumbini, akajifunika uso.

Waliokufa walikuwa wamefika kumi na wanne. Binti wa jirani alikuwa mmoja wao. Nakiete alikuwa hai. Alipofungiwa dripu alifumbua macho, akamtazama dada yake.

"Yule mtoto wa watu alininywesha mpaka siku ya mwisho," alisema.

"Nimeambiwa."

"Umechelewa, dada."

"Nimechelewa," Namkunda alisema, wala hakujitetea. Walilia pamoja, na baada ya hapo aliinuka kwenda kuwasaidia wengine. Baada ya siku hiyo walizika mtu mmoja tu. Pampu ilifungwa wiki iliyofuata, na Selegani ndiye aliyechimba mtaro.

Rehani alizunguka kijiji chote na daftari, akiuliza. Aliandika kilima, vijito viwili, makaburi, njia ya kwenda malishoni. Alipomaliza alisema hatarudi Kitovu mpaka ameviona vile vijiji vingine ambavyo Msomaji amevikosa, na kwamba siku atakayorudi ataweka daftari mezani kwa Mkurugenzi, amlazimishe alisome kwa macho yake mwenyewe. "Wakinifukuza, nitakuwa nimeshaandika," alisema. Alianza na Mtoni ndogo. Selegani alitangulia kuonyesha njia, na Namkunda, ambaye mdogo wake sasa alikuwa anakaa na kula uji, aliwasindikiza siku ya kwanza.

Mchana walifika kwenye bonde lenye majani marefu. Kikongwe mmoja alikuwa anakata majani ya mbuzi. Walimwamkia, akaitikia bila kuinua kichwa.

"Bibi," Rehani alisema, daftari mkononi, "hapa panaitwaje?"

Mundu ulisimama. Kikongwe alimtazama usoni, akamtazama na miguu yake iliyojaa vumbi.

"Unauliza kwa ajili ya mtambo?"

"Hapana, bibi. Nauliza mimi."

Kikongwe alitua mzigo wa majani chini, akajipangusa mikono kwenye kanga, akawatafutia mahali penye kivuli.

"Pana majina matatu," alisema. "Kaeni, niwaambie lililo la kweli."